Mgeni wa kutazama ndege akija Mwanza, mwenyeji alipwe au iwe urafiki tu?

Mleta mada (Nyegezi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimelibeba moyoni tangu Februari, leo naliweka hapa tulijadili bila kukasirikiana.

Kwa asiyejua, wapo watu wanaozunguka dunia kutazama ndege. Mtandaoni wana utaratibu wao: kila mji una wenyeji waliojiandikisha, wenye mapenzi hayohayo, na mgeni anakuandikia kwamba anafika tarehe fulani, je, unaweza kutembea naye asubuhi moja? Kundi nililojiunga mimi lina kanuni kwamba mwenyeji hapokei malipo. Anayetaka pesa akajisajili kama mwongoza watalii. Wanasema pesa ikiingia urafiki unatoka, na leo kwangu kesho kwako.

Mimi nasema kanuni hiyo inamwonea mwenyeji wa mji kama wetu.

Kwa miaka mitatu nimepokea wageni saba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kwenye bodaboda kwenda Luchelele, huko tunachukua mtumbwi na kupita polepole kandokando ya mafunjo. Mgeni huyu tembo kawaacha Serengeti. Anachokitafuta kwetu ni mnana mdogo wa domo jembamba, na mwenzake wa koo la kahawia, ambao kwa Tanzania ni ndege wa ukanda huu wa ziwa. Anamtaka pia yule wa mgongo mweusi na tumbo jekundu, dume na jike wanavyoitikiana kichakani mpaka unadhani analia mmoja. Anayejua wanapolala atakufikisha ndani ya nusu saa. Asiyejua atapiga makasia mpaka jua la utosi. Mimi nimejua kwa kwenda kila Jumapili, mvua na jua, tangu nikiwa na darubini ya kuazima.

Mtumbwi ni shilingi 30,000. Bodaboda kwenda na kurudi 8,000. Duka langu la vifaa vya simu siku hiyo linafunguliwa saa sita. Wageni watano walilipia mtumbwi bila kuambiwa, na nawashukuru. Wawili hawakuuliza, nami ulimi ukawa mzito, maana kanuni inasema bure, na nyumbani nimelelewa kwamba mgeni hadaiwi. Nikatoa mfukoni.

Mmoja wa hao wawili ndiye wa Februari. Tulitembea asubuhi tatu. Wiki mbili baadaye nikaona orodha yake kwenye eBird, ile programu ya mtandaoni ya kuandika ndege ulioona: spishi 94, picha safi, na maelezo kwamba kiota cha Luchelele amekigundua yeye. Jina langu halipo popote. Programu hiyo ina namna ya kumshirikisha mwenzako orodha ikaingia na kwenye akaunti yake, ni kubonyeza tu. Hakubonyeza. Nakiri hilo liliniuma kuliko zile shilingi.

Halafu hii ya leo kwangu kesho kwako. Mjerumani analipa viza ya dola 50 anaingia Tanzania. Mimi nikitaka kwenda kwake, ada ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudi hata nikinyimwa, na kabla ya hapo nipeleke taarifa za benki, bima na safari ya Dar kuweka alama za vidole. Hiyo kesho yangu itafika lini?

Napendekeza gharama zitajwe kabla mgeni hajapanda ndege, mwenyeji apewe posho ya asubuhi yake, na orodha ishirikishwe. Karibuni.

Mzee wa Kirumba

Mwanangu, nimekusoma na pole kwa yaliyokukuta. Ila usiipime jamii nzima kwa mtu mmoja. Mimi nimestaafu ualimu, na ndege nilianza kuwafuatilia uzeeni. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu kutoka Uingereza. Alinifundisha kufumba macho na kusikiliza kwanza, mdiria huku, furukombe kule, kabla ya kunyanyua darubini. Alipoondoka aliniachia ya kwake. Ningemtajia bei asubuhi ile ya kwanza, ningekuwa mtu wa kazi kwake, na mtu wa kazi hafundishwi hivyo.

Wahenga wametuambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona bila kudai.

Mwongoza watalii, mwenye leseni

Mkuu mleta mada, nakuheshimu, lakini neno "posho" hapo ndipo tunapokosana. Sheria ya Utalii Na. 29 ya 2008 inamtaka anayeongoza watalii kwa malipo awe na leseni. Mimi nimeilipia, nina mafunzo ya huduma ya kwanza, na nikimzamisha mtu najulikana pa kukamatwa. Wewe ukipokea posho, ukampandisha mgeni mtumbwi usio na maboya, upepo ukageuka kama unavyojua ziwa letu, nani anawajibika? Na akiingia majini kwenye magugu akarudi kwao na kichocho?

Upande wa pili nao sikubali. Hiyo "bure" ya mzee wangu inatunyima kazi. Hapa mjini tuna chuo cha wanyamapori Pasiansi tangu 1966, vijana wanatoka pale wanajua porini kuliko wageni wote. Mgeni anayeweza kununua lenzi ya bei ya pikipiki anaweza kumlipa mmoja wao.

Kisumu

Salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Kwetu Dunga mambo haya yalishaamuliwa na wenyewe. Vijana wa ufukweni wana boti, wanakupeleka kwenye mafunjo kuona ndege wa kule, bei unaambiwa kabla hujapanda, na hakuna anayeona haya. Urafiki unakuja baadaye, kwenye samaki.

Tazameni pia Mabamba, kule karibu na Entebbe, ardhi oevu iliyoingia mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani. Wavuvi wa pale waliamini ukimwona yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, siku hiyo nyavu zitarudi tupu, na wapo waliomuua. Walipoanza kulipwa kupeleka wageni kumtazama, wakaanza kumlinda. Mapenzi ya wageni peke yake hayangelifanya hilo.

Lakini ndugu yangu wa Nyegezi, kuhusu kesho yako: mbona unatazama Ujerumani tu? Njoo Kisumu. Hakuna viza kati yetu. Nairobi Jumatano asubuhi Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wanatembea kutazama ndege kuanzia Makumbusho, na mgeni anakaribishwa. Nitakupokea stendi, na mimi sitakudai kitu, kwa sababu najua nitakuja Mwanza.

Dada wa Ilemela

Naomba mnisikilize na mimi, maana naona mnazungumzia mtumbwi na leseni tu.

Mwanamke akipokea mgeni asiyemjua saa kumi na mbili asubuhi, vichakani, ana gharama ambayo ninyi hamna. Mimi siendi bila mdogo wangu wa kiume. Tunakutana kwanza mahali penye watu, karibu na kivuko cha Kamanga, nimtazame machoni, ndipo twende. Nauli ya mdogo wangu, chai yake, na siku yake ya kibarua iliyopotea, zote ni juu yangu. Kwenye "bure" ya kundi hatukuhesabiwa.

Na kuna kubwa zaidi. Mwaka juzi nilimpeleka mgeni kwenye majaruba ya mpunga kumwonyesha korongo taji wakiwa na kinda. Ndege huyu ametangazwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2012, na kinachommaliza ni pamoja na watu kukamata makinda na kuokota mayai. Mgeni akaweka picha kwenye ukurasa wake pamoja na alama ya ramani ya palepale. Nilimwomba aifute, ilichukua siku nne. Msimu uliofuata nilikwenda mara tano, sikuwakuta. Siwezi kusema ni nani au ni nini kiliwaondoa. Ila tangu hapo ninamwambia kila mgeni kabla ya kutoka nyumbani kwamba mahali pa kiota ni siri ya wenye shamba. Wanakubali kirahisi kumbe. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu nilidhani rafiki hamwekei rafiki masharti.

Mleta mada (Nyegezi)

Dada, hilo la korongo taji limenikaa. Sikulifikiria kabisa nilipokuwa naandika, na sasa naona ni zito kuliko la orodha yangu.

Mzee wangu wa Kirumba, shikamoo. Sikatai ulichopata kwa yule bibi, na natamani ningekuwapo. Lakini wewe una pensheni na asubuhi zako ni zako. Kijana wa kibarua hawezi kungoja mgeni mwema atokee. Na urafiki wa bure una watu wanaoulisha. Couchsurfing, mtandao wa kumpata mwenyeji wa kukulaza safarini, wenyeji walilaza wageni bure kuanzia 2004, mwaka 2011 ikageuzwa kampuni ya faida, na 2020 hao hao wenyeji wakaanza kutozwa ada ili wabaki wanachama. Ukarimu wao ndio uliokuwa mtaji.

Kisumu, naja Desemba. Ndege wanaohamia huku kutoka Ulaya watakuwa wameshashuka, nitembeze Dunga. Mtumbwi nalipia mimi, usinibishie.

Kaka mwenye leseni, umenibana na nakubali. Posho naiondoa. Atakayetaka siku nzima, au kwenda visiwa vya hifadhi, Saanane au Rubondo, nitamleta kwako. Mimi nitabaki na asubuhi za Luchelele, na maboya mawili nitanunua kabla sijapokea mwingine.

Hivi ndivyo nitakavyoandika kwenye maelezo yangu, nirekebisheni: "Karibu Mwanza. Mimi si mwongoza watalii, natembea nawe kwa mapenzi ya ndege. Mtumbwi na nauli, vyangu na vyako, unalipa wewe, nitakuambia kiasi kabla hujaja. Orodha tutaiandika pamoja na tutaimiliki pamoja. Viota havitajwi mahali vilipo."

Mzee wa Kirumba

Marahaba. Mwanzoni ongeza Mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, wajue wamefika Usukumani. Hayo mengine yaache yalivyo, na mimi nitayanakili.

Mwongoza watalii, mwenye leseni

Kiasi cha mtumbwi mwenye mtumbwi akitaje mwenyewe, siyo wewe. Nyegezi bei yako ya 30,000 ni ya zamani, wiki iliyopita Luchelele nimelipa 40,000.