Mjadala: Bunduki ya masaji, toleo la zamani au jipya?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za muda huu. Kila anayeuliza anunue bunduki gani ya masaji hujibiwa harakaharaka: chukua toleo jipya, la zamani limeshapitwa. Mimi napinga, na naomba tulijadili hili kwa kina, kwa sababu watu wanaacha mashine nzima kabisa na kulipia nyingine isiyoizidi kwa lolote la maana.

Kazi ya chombo hiki ni moja. Mota inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinasukuma mkono wa chuma mbele na nyuma, na kichwa cha sponji au mpira kinagonga msuli. Vipimo viwili ndivyo vinavyoamua utakachokisikia mwilini: kichwa kinatoka milimita ngapi kila pigo, na mota inastahimili mkandamizo wa kilo ngapi kabla haijasimama. Hicho cha pili ndicho kinachoumbua mashine nyingi. Ikandamize juu ya paja lililokakamaa usikilize: mlio unashuka, kichwa kinasita, na pale unapohitaji nguvu ndipo panapokosa.

Sasa chukua bunduki za chapa ya Theragun: G3PRO ya kizazi cha tatu, halafu PRO ya kizazi cha nne iliyotoka 2020. Pigo ni milimita 16 kote kuwili, na mkandamizo ni takriban kilo 27 kote kuwili. Kilichobadilika ni kelele (hapo wapewe haki yao, ile ya zamani inanguruma kweli), kioo cha kuonyesha mwendo, programu ya simu, na betri kukaa na chaji muda mrefu zaidi. Zote mbili zinakuja na betri mbili za kuchomoa. Lakini katika familia hiyohiyo ya 2020 ipo Elite, na yenyewe betri imefungwa ndani.

Hapo kwenye betri ndipo panaponiuma. Mashine yangu ya kwanza, ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja, ilikuwa ya betri ya kufungwa. Mwaka wa tatu ikaanza kuzima katikati ya kazi huku taa zikionyesha chaji iko nusu. Nikafungua skrubu nne za mpini, nikakuta ganda limegundishwa kwa ndani. Nilipolibandua likapasuka. Seli ndani zimeunganishwa kwa vibati vilivyochomelewa, moja imevimba. Nikaizungusha mota kwa kidole, ikazunguka laini bila mkwaruzo wowote. Mota hiyo ikaenda jalalani kwa ajili ya seli chache.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usiulize mwaka wa toleo, uliza kama betri inatoka. Ya zamani inayochomolewa betri ni bora kuliko mpya iliyozibwa. Karibuni.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Ndugu mwanzisha mada, kwenye betri niko nawe. Kwenye milimita 16 hatupatani.

Umeandika kama vile pigo refu ndilo bora kwa kila mtu. Mimi nawakanda watu kila siku na naona tofauti. Mwenye mapaja manene anapenda pigo refu, na linamfaa. Mtu mwembamba, au mzee, ukimwekea pigo hilo karibu na muundi au bega anaruka, na msuli unajikaza kujilinda. Ukishajikaza, umefanya nini? Upo utafiti wa 2020 uliofanywa kwa wanaume 16: waligongwa vigimbi kwa dakika tano, uwezo wa kukunja kifundo cha mguu ukaongezeka kama nyuzi tano, na nguvu ya msuli haikupungua. Mashine iliyotumika ilikuwa Hypervolt, bunduki ya chapa nyingine, ambayo pigo lake ni fupi kuliko hizo milimita 16 zako. Maana yake kina cha pigo peke yake hakiamui.

Na kelele usiipitie juujuu namna hiyo. Mashine ikinguruma sikioni mwa mtu anayekandwa shingo kwa nyuma au mabega, anashindwa kulegea. Mashine tulivu inanisaidia kazini kuliko kilo 27 ambazo sijawahi kuzihitaji. Ninaosha mikono jioni nikiwa sina mtetemo kwenye viganja, na hilo nalo ni jambo kwa anayeishika saa nyingi.

Nimalizie na onyo, kwa sababu kwenye mijadala ya aina hii watu hushindana kwa nguvu. Imeripotiwa kwenye majarida ya tiba habari ya dada mmoja kijana aliyegongwa mapaja baada ya mazoezi ya baiskeli, misuli ikavunjikavunjika hadi mkojo ukabadilika rangi kuwa kama chai, akalazwa. Ipo nyingine ya mtu aliyechanika mshipa wa damu wa shingoni baada ya kuitumia shingoni mara kwa mara. Mashine yenye nguvu kubwa mkononi mwa asiyejua pa kuacha ni hatari, iwe ya zamani au mpya.

Fundi wa vifaa vya umeme

Wakuu, mimi niongeze upande wa mezani kwangu. Mwanzisha mada anasema nunua ya zamani inayochomolewa betri. Sawa, lakini betri yenyewe utaipata wapi? Kampuni ikiacha kutengeneza toleo, betri zake halisi huadimika. Zinabaki za kuiga, na hizo ndizo ninazoletewa zikiwa zimevimba. Seli za lithiamu huzeeka hata zikiwa kabatini. Betri "mpya" iliyokaa rafu miaka mitano imejaa chaji, mahali pa joto, si mpya tena. Ukiamua ya zamani, hakikisha kwanza betri yake bado inatengenezwa.

Anayenunua iliyotumika afanye hivi: aichaji hadi ijae, aiwashe mwendo wa juu, akandamize kichwa kwenye paja lake kwa dakika kumi mfululizo. Ikizima ghafla, betri imechoka. Mpini ukiwa wa moto wa kushindwa kushika, aiache. Kichwa kikicheza upande kwa upande ukikitikisa kwa vidole, beringi imekwisha, na kelele itaongezeka kila wiki. Taa za chaji asiziamini hata kidogo.

Jambo moja litakalobadilisha mjadala huu: sheria ya Umoja wa Ulaya ya betri ya 2023 inataka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo vinavyouzwa huko ziwe za kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa vifaa vichache vilivyosamehewa. Kiwanda kinachouza dunia nzima hakipendi kutengeneza miili miwili ya mashine moja. Kwa hiyo huenda matoleo yajayo ndiyo yatakayokuwa na kile unachokililia kwenye ya zamani.

Mchangiaji mwingine

Mmesahau programu ya simu. Mimi ni mkimbiaji, na toleo langu jipya linaniongoza wapi nianze na dakika ngapi. Bila hiyo nilikuwa naponda sehemu moja tu hadi inachubuka. Theragun PRO Plus ya 2023 ina hata kichwa cha joto, mwanga wa LED na kihisi cha mapigo ya moyo. Hayo yote si mapambo.

Mwanzisha mada

Asanteni. Ndugu mkimbiaji, kama programu imekuzuia kujichubua, imefanya kazi yake na sitaibeza. Ila nijaribie kitu: zima bluetooth, uone kama vitufe vya mashine vinatosha kufanya kila kitu. Simu hubadilishwa, programu huachwa. Mashine isiyofanya kazi kamili bila simu umeikodi, hujainunua. Joto na mwanga vina watu wake, lakini ni vitu vya kuongezea pembeni, na kila kilichoongezwa ndani ya ganda ni kitu kingine cha kuharibika.

Fundi, umenirekebisha na nimekubali. Nilipaswa kusema: betri inayotoka na ambayo bado inatengenezwa. Bila hilo la pili, hoja yangu haisimami. Kuhusu 2027, anayeweza kusubiri asubiri. Mwenye maumivu leo hawezi.

Dada mtaalamu, kwenye kina nimekusikia. Nilijipima mimi mwenyewe, mtu wa kilo tisini na kitu, nikadhani kila paja ni paja langu. Sasa nina swali. Mama yangu amepita miaka sabini, vigimbi vinamkaza usiku. Nilikuwa nimpe G3PRO yangu. Nifanye hivyo?

Mtaalamu wa fiziotherapia

Usimpe hiyo. Ni nzito kwake na pigo lake ni kali. Mtafutie ndogo, nyepesi, ya pigo fupi na mwendo wa chini, na uweke kichwa cha sponji, si kile chembamba cha ncha. Dakika moja kila kigimbi inatosha, bila kukandamiza, uzito wa mashine yenyewe ufanye kazi.

Lakini kabla ya hayo, muulize dawa anazokunywa. Kama zipo za kuzuia damu kuganda, au kama mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwenzake, usimguse na mashine yoyote. Mpeleke kwa daktari kwanza.