Kodi ya usiku kwa nyumba za wageni: nikaseme nini mbele ya kamati?

BintiPwani: Wanajamvi, salaam. Nina nyumba ya vyumba viwili huku Pwani, naikodisha kwa wageni wa siku mbili tatu, wengi ni familia zinazoshuka na SGR kutoka Nairobi. Sasa kaunti yetu inataka kututoza Sh300 kwa kila mgeni kwa kila usiku. Nyumba yangu ni Sh4,500 kwa usiku. Ikija familia ya watu sita, kodi peke yake ni Sh1,800! Na hao ndio wageni wanaoanza na "bei ya mwisho ngapi?" Masika ikiingia, nyumba hulala tupu wiki nzima. Kikao cha kutoa maoni ni Alhamisi. Nikaseme nini nisikike?

MzeeWaMashua: Dada, lipeni tu. Hoteli zinalipa ushuru chungu nzima na wageni ni hao hao.

BintiPwani: Mzee wangu, kulipa sikatai. Leseni ya kaunti ninayo, nimeitundika sebuleni. Ninachokataa ni hesabu hii. Jumba la ufukweni la Sh40,000 likiwa na watu sita litatoa Sh1,800 hiyo hiyo.

WakiliMstaafu: Anza na hesabu hiyo, binti yangu. Lakini usiende kulia shida tu, maana siku hiyo kila mtu atalia. Waulize: hii ni kodi au ni ada? Ibara ya 209 ya Katiba inairuhusu kaunti kutoza kodi za ardhi na majengo na za burudani. Nyingine yoyote lazima iwe imeidhinishwa na sheria ya Bunge. Wakisema ni kodi, waonyeshe sheria hiyo. Wakisema ni ada, ada ni malipo ya huduma, basi waitaje. Andika barua kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala yako igongwe muhuri. Ibara ya 196 inawalazimu kuwashirikisha wananchi, lakini ya mdomoni hupotea.

DukaLaKona: Nendeni wengi. Mchukueni dobi na vijana wa boda, nao wanakula kwa wageni hao.

BintiPwani: Shukran sana, wakili. Huduma! Taka namlipa kijana wa mkokoteni Sh200 kila Jumamosi. Maji nanunua ya boza, mfereji umekauka tangu Ramadhani. Risiti za boza zote ziko kwenye kopo la biskuti, usiku huu nazipanga kwa tarehe. Dobi ameshakubali kuja.