Matufaa ya kijani au mekundu kwa pai? Nina oda Jumamosi

NaimaKeki:
Wakuu, habari za humu. Nina oda ya pai za matufaa Jumamosi, mteja kasisitiza yasiwe ya kopo. Jana nimepita Kariakoo, kuna ya kijani, ya njano, na yale mekundu ya kung'aa. Mekundu ndiyo yenye bei chee. Nichukue yapi?

Chungu Kikuu:
Mkuu, umeuliza nusu swali. Pai ngapi? Una oveni, au sufuria na mkaa juu na chini? Mteja anataka vipande vionekane au virojeke kama jamu?

Dada Mdalasini:
Kijani, Granny Smith, funga mjadala. Ina uchachu, na ukiioka kipande kinabaki kipande. Utamu utaweka mwenyewe.

Baba Swaumu:
Granny Smith mnaisifia kwa mazoea. Chukua Golden Delicious, hiyo ya njano. Inavumilia moto na haili sukari. Kamulia limau, kazi imeisha.

Mama Pacha:
Naima mdogo wangu, mekundu yaache kabisa. Mwaka juzi nilikuwa na oda ya kipaimara, nikaagiza ya kijani dukani kwa simu. Bodaboda akaleta Red Delicious boksi zima, nikipiga naambiwa "mama, si matufaa yale yale?" Saa nne usiku, ningefanyaje? Nikamenya, nikaoka. Juu pai imeumuka, rangi ya dhahabu, ukiitazama unaipenda. Kisu kilipozama ndani hamna kitu, matufaa yamesinyaa yakawa uji, maji yamelowesha unga wa chini hadi ukawa unanyofoka na trei. Mama wa mtoto akaniuliza mbele za wageni, "Dada, hii tunakula na kijiko?" Nusu ya hela sijalipwa mpaka leo, na duka lile likakataa katakata kupokea boksi.

Baba Swaumu:
Pole mama, ila hata ya kijani usipoyapika kwanza yanatoa maji. Yatie sukari, yapashe kidogo na kijiko cha unga wa ngano, acha yapoe KABISA ndipo uyafunge. Ukifunga ya moto siagi inayeyuka kabla ya kufika kwenye oveni.

Mzee wa Nta:
Hivi hamuogopi ile nta? Kwangura na kisu uone. Tunalishwa mishumaa.

Dada Mdalasini:
Mzee, nta hiyo inaliwa, inapakwa ili tunda lisinyauke safarini. Isitoshe pai unamenya, ganda linakwenda kwa kuku.

Mzee wa Nta:
Na kuku analiwa na nani?

Mgosi wa Lushoto:
Mnahangaika na ya Afrika Kusini wakati huku kwetu yapo. Madogo, hayang'ai, lakini yana uchachu wake.

Chungu Kikuu:
Mgosi, hayo ya Lushoto ni makavu, na leo ukipata mazuri kesho hupati. Mti wa tufaa unataka baridi ndipo uchanue vizuri.

Mgosi wa Lushoto:
Baridi ya Lushoto umewahi kulala nayo wewe? Na pasipo na baridi ya kutosha kuna wakulima wanaoupukutisha mti majani kwa mkono, unachipua upya na kutoa maua. Njombe nako wanalima, uliza.

NaimaKeki:
Asanteni. Mama Pacha, pole dada yangu. Oveni ni ya gesi. Nikichanganya kijani na njano je?

Chungu Kikuu:
Na idadi?

Dada Mdalasini:
Changanya, ila ya kijani yazidi. Ya njano kata vipande vinene zaidi.

Baba Swaumu:
Kinyume chake.

Kijana wa Tanga:
Mimi natia embe bichi na mdalasini, wageni hawajui tofauti.

Mama Pacha:
Mteja kasema matufaa, mwanangu. Usimponze mwenzio.

Mzee wa Nta:
Embe angalau halina nta. Mgosi, pea na plamu unashusha Dar?

Mgosi wa Lushoto:
Nashusha, zikiiva. Njoo inbox.