Kitabu kisichoishia na maswali: naombeni ushauri kwa watoto wangu

Mama Wawili, Busia

Habari zenu jamaa. Niko Busia, upande wa Uganda. Nina mvulana wa miaka 9, yuko P.4 (darasa la nne la msingi), na binti wa miaka 5. Nyumbani tunazungumza Kiswahili na Kisamia.

Juzi nilimnunulia mkubwa kitabu cha hadithi. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akafungua ukurasa wa mwisho kabla hata hajatazama jalada. Nikamuuliza, unatafuta nini? Akanijibu, "Naangalia kama kuna maswali." Yalikuwepo, tena kumi. Akakifunga, akakiweka juu ya kabati, na mpaka leo hakijashuka.

Imeniuma sana. Naombeni majina ya vitabu vya picha kwa mdogo, na hadithi za safari na hatari kwa mkubwa, Kiswahili au Kiingereza. Mwezi huu nina 60,000 tu za vitabu.

Mwalimu wa Tororo

Mama, pole. Hapo P.4 ndipo wengi wanapoachana na vitabu. Shule nyingi zinafundisha kwa lugha ya nyumbani mpaka P.3, halafu ghafla kila kitu kinageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anasoma kwa raha anaanza kujikwaa kila mstari. Kwa hiyo usianze na riwaya nene.

Anza na "Too Small Tola" wa Atinuke, kilitoka 2020. Ni visa vifupi vya msichana wa Lagos anayeishi na bibi yake, kaka na dada, na picha zimejaa. Sentensi ni fupi. Akishapata nguvu, mpe mfululizo wa Moses wa Barbara Kimenye. Ni vya zamani, vilianza miaka ya 1960, lakini shule ya bweni ni ya hapa hapa Uganda na vijana wake ni watundu kwelikweli. Darasani kwangu nakala moja imepita mikono mingi mpaka jalada limebanduka.

Baba Shani, Arua

Kwa mdogo usitumie hela kwanza. Ingia African Storybook kwenye intaneti. Ni hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika: Kiswahili kipo, Luganda ipo, hata Lugbara yetu ipo. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu za kusomewa na mkubwa. Unaruhusiwa kuchapisha.

Mimi nilichapisha sita kwenye duka la fotokopi, nyeusi na nyeupe, nikakunja karatasi katikati na kuzishona mgongoni kwa uzi wa gunia. Tumia sindano nene, na toboa matundu kwanza kwa msumari, la sivyo karatasi inachanika. Binti yangu akapaka picha rangi. Sasa anaviita vitabu vyake, mtu mwingine haruhusiwi kuvishika.

Bibi wa Bombo

Wajukuu, mmesahau "Mashimo ya Mfalme Suleimani". Ni riwaya ya Mwingereza Rider Haggard, ya Wazungu wanaosaka almasi Afrika, tafsiri ya Frederick Johnson, 1929. Marehemu baba alitusomea kwa taa ya chemni, ukurasa mmoja mmoja, na akifika mahali pa hatari anafunga kitabu: kalaleni! Tulikuwa hatulali. Mpe huyo mvulana.

Dada Kampala

Bibi, shikamoo. Kwa heshima zote, hicho mtoto asiachiwe peke yake. Tembo wanauawa ovyo, na watu weusi mle wengi ni wa kubeba mizigo. Kikisomwa na mzazi wa kuzungumza naye, sawa.

Mama Wawili, kuna kipya zaidi: "Children of the Quicksands" wa Efua Traoré, 2021. Msichana wa Lagos anapelekwa kijijini kwa bibi asiyemjua, na huko kuna ziwa ambalo watu wamekatazwa kulikaribia. Huyo wa P.4 msomee wewe mwaka huu. Mwakani atakisoma mwenyewe.

Kwa mdogo, "Sulwe" wa Lupita Nyong'o. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili, na kinamhusu mtoto mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Halafu "Beatrice's Goat", kimeandikwa na Page McBrier, 2001. Kisa kinatokea Kisinga, huko Kasese: mbuzi anayeitwa Mugisa, maziwa yanauzwa, na msichana anapata kwenda shule. Ni Kiingereza, lakini fungua picha umsimulie kwa Kiswahili. Ninacho changu, naweza kukuazima.

Bibi wa Bombo

Marahaba mwanangu. Ni kweli, baba alikuwa anasimama kutueleza.

Mama Wawili, Busia

Nawashukuru sana, sana. Wiki mbili zimepita. Dada, Mugisa alifika salama. Binti anataka tumsome kila jioni, na akifika kwenye picha ya mbuzi anainusa karatasi.

Baba Shani, nilichapisha nne. Mkubwa alichukua kimoja, akafungua mwisho kama kawaida yake. Hakuna kitu. Akageuza tena, akahakikisha, ndipo akakaa chini mlangoni kwenye mwanga akaanza mwanzo. Jana ameniomba sindano na msumari.

Mwalimu, huyo Tola nimpate wapi kwa huku kwetu? Au Dada, nikituma hela leo, unaweza kumpa kondakta wa basi la Busia? Nitamsubiri stendi mwenyewe.