Tupeane uzoefu: Steve McNair, namba 9 wa Titans, ulimjulia wapi?

Mkazi wa Antioch (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tarehe 4 Julai Wamarekani wanapiga fataki na kuchoma nyama. Sisi tuliokuwa Nashville mwaka 2009 siku hiyo ina jambo jingine ndani yake: ndiyo siku aliyouawa Steve McNair, kwotabaki wa zamani wa Titans, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, akiwa na miaka 36, mwaka mmoja tu na kitu tangu astaafu. Naona anatajwatajwa kwenye nyuzi za watu wengine, nikaona bora awe na wake. Leta kisa chako. Ulikuwa wapi, ulimjuaje, nani alikufundisha kumtazama. Takwimu zimejaa mtandaoni, hizo tuziache.

Kwa wasioujua mchezo: kwotabaki ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulizi. Ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe, huku majitu ya kilo 130 yanakuja kumlaza chini.

Naanza mimi. Januari 30, 2000, Super Bowl, yaani fainali ya ligi, kule Atlanta. Tulijazana sebuleni kwa Mzanzibari mmoja, mkewe katupikia biriani, na nusu yetu hatukuwa tukielewa kitu. Titans walikuwa nyuma 16-0 dhidi ya St. Louis Rams. Wakarudi mpaka 16-16. Rams wakapata tena, 23-16, dakika zimekwisha. Hapo ndipo McNair alipokamatwa na watu wawili, Kevin Carter na Jay Williams, wamemng'ang'ania kabisa, sisi tumeshakata tamaa. Akachomoka. Sijui alichomokaje. Akamrushia Kevin Dyson, yadi 16. Kaka mmoja wa Kigoma aliyekuwa anasinzia akajikuta amesimama juu ya kochi la watu.

Mpira wa mwisho mnaujua: Dyson kaudaka, Mike Jones kamdaka yeye, yadi moja kabla ya mstari wa kupatia pointi. Mechi ikaishia hapo. Watu wote wanaisimulia ile yadi moja. Mimi nasimulia kule kuchomoka.

Binti wa Raskazone

Sijui lolote kuhusu mchezo huu. Nimekuja kwa ajili ya biriani. Endeleeni.

Mkimbiaji wa Iten

Nami nina malalamiko kidogo. Nilikuja Tennessee kwa skolashipu ya riadha, na kila mtu niliyekutana naye alinihadithia Music City Miracle, ule "muujiza wa Nashville", kana kwamba McNair ndiye aliyeifanya. Jamani, hakuwa hata uwanjani! Ilikuwa Januari 8, 2000, Buffalo Bills wanaongoza 16-15, sekunde 16 zimebaki, Bills wanapiga mpira wa kuanzia. Lorenzo Neal akauokota, akampa Frank Wycheck, Wycheck akautupa upande wa pili wa uwanja kwa Dyson, naye akakimbia yadi 75 peke yake. Watu wa Buffalo hadi leo wanaapa kwamba ule mpira ulitupwa mbele, kinyume cha sheria, na ukitaka kugombana na mtu wa kule anza hapo.

Kilichonifanya nimpende McNair ni kitu kingine. Sisi wakimbiaji tunajua maana ya kuamka na mguu unaouma na bado kocha anakungoja. Huyu bwana mwishoni mwa msimu wa 2002 alikuwa anakosa mazoezi wiki nzima, mbavu, goti, kidole, kila kitu kimeharibika. Jumapili ikifika, anaanza. Tulikuwa na mzaha wetu kambini: ukisema umeumia, unaulizwa, "Umeumia kama McNair au umeumia kama wewe?" Ya kwanza ilikuwa na maana kwamba utakimbia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mimi alinifundisha mgonjwa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kulikuwa na babu mmoja Mweusi, mzaliwa wa Mississippi, hawezi kulala mpaka arudiwe habari za Titans. Basi nikawa nasoma gazeti saa nane za usiku kwa Kiingereza changu cha Mombasa, yeye ananirekebisha majina.

Babu hakuwa anazungumzia mechi sana. Alizungumzia Mount Olive, kijiji alikotoka McNair, na mama aliyelea wavulana watano. Alisema vyuo vikubwa vilimtaka yule kijana, lakini vilitaka acheze nyuma, awe mlinzi. Kupanga mchezo walikuwa hawawaamini watoto Weusi. Alcorn State, chuo cha Weusi hukohuko Mississippi, ndicho kilichomwambia njoo ucheze nafasi yako. Akaenda. Mwaka 1994 akashika nafasi ya tatu katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo chuo kama hicho ni nadra kutajwa, na mwaka 1995 timu ya Houston Oilers ikamchagua wa tatu kati ya vijana wote wa vyuo nchini. Timu ikahamia Tennessee mwaka 1997, jina la Titans likaja 1999.

Msimu wa 2003 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, na Peyton Manning. Alikuwa kwotabaki Mweusi wa kwanza kuipata ile ya shirika la habari la Associated Press. Nilimsomea babu habari hiyo. Hakunirekebisha hata neno moja usiku ule, na mimi nina hakika nilikosea majina kadhaa.

Dereva wa Masafa

Dada Nesi umeniliza bure, na mimi niko pampu ya mafuta.

Yangu ni fupi. 2005, kimbunga Katrina. McNair alipanga malori ya chakula, maji na nguo yapelekwe kwa waathirika, kwao Mississippi kuliumizwa vibaya pia. Mimi sikubeba mzigo wake, nilibeba wa watu wengine, lakini tulikuwa barabara moja kuelekea kusini na madereva wote walikuwa wanamtaja kwenye redio. Kwa dereva wa lori, mchezaji anayejua bei ya kusafirisha tani ishirini ni mtu wa maana.

Mrundi wa Mtabila

Mimi sikumwona akicheza hata mara moja. Nilizaliwa kambini Kigoma, wazazi ni wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, tukaletwa Nashville wakati yeye tayari amehamia timu ya Baltimore. Nilimfahamu akiwa amekufa.

Julai ile nilikuwa mtoto wa shule, Kiingereza cha kuombea maji tu. Jirani yetu Mmarekani alimwomba mama ruhusa, akatuchukua mimi na kaka yangu hadi uwanja wa LP Field, pale kando ya mto Cumberland. Walikuwa wamefungua milango watu waje, bure. Kwenye skrini kubwa anaonyeshwa akicheza, na kuna vitabu vya kuandikia rambirambi kwa familia. Mimi nilidhani ni mechi. Nikawa namwuliza kaka, mbona hakuna anayeshangilia?

Watu wazima walikuwa wanalia wamevaa jezi. Kambini nimeona misiba mingi, lakini ya watu wanaojuana. Hii ya watu elfu kumlilia mtu ambaye hajawahi kuingia nyumbani kwao ilikuwa mpya kwangu. Foleni ikafika zamu yetu, jirani akanipa kalamu. Sikujua niandike nini kwa Kiingereza, nikaandika "Pole sana" na jina la baba, kama tulivyozoea kwenye daftari la msiba. Kaka akaandika jina la baba pia. Familia ya McNair wana baba yangu mara mbili.

Hakika Tupu

Samahani wakuu, mtanisamehe. Mbona mnaruka ukurasa? Polisi walisema alipigwa risasi akiwa amelala, na binti wa miaka 20 aliyekuwa na uhusiano naye, kisha binti akajiua. Alikuwa na mke na watoto wanne wa kiume. Mnamlilia kama walii.

Mkazi wa Antioch (mwanzisha uzi)

Hakuna aliyesema walii, mkuu. Habari hiyo tuliijua wiki ileile, mji mzima haukuongea kingine. Barazani petu wazee waligawanyika: wengine walisema marehemu hasemwi, wengine wakasema asiposemwa yeye atasemwa mjane. Mimi nilikuwa upande wa pili, bado nipo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Na mimi nitasema hivi, halafu naacha. Kazini kwetu wanawake tuligombana kuhusu hili mpaka msimamizi akatutenganisha. Kuna aliyevua fulana yake ya namba 9 akaitupa. Kuna aliyeiokota akaivaa. Wote wawili niliwaelewa, na yule binti naye alikuwa mtoto wa watu, kuna mahali alililiwa pia.

Mtu wa Mirathi

Mnachosahau ni kwamba hakuacha wosia. Mtu wa mamilioni, mke, watoto, mali Tennessee na Mississippi, hakuna karatasi. Mjane ilibidi aende mahakamani kuanza upya. Ninyi wenye nyumba huku, viwanja Kibaha na wake sehemu mbili, jifikirieni.

Mkazi wa Antioch (mwanzisha uzi)

Mtu wa Mirathi, fungua uzi wake, nitakuja mwenyewe na maswali. Hapa turudi uwanjani.

Mbongo wa Baltimore

Turudi. Mwaka 2006 Titans walimzuia McNair asifanye mazoezi kwenye jengo lao wenyewe, kisa waliogopa akiumia pale mkataba wake utawabana. Mtu aliyewavunjikia mbavu! Akashinda shauri mbele ya msuluhishi, na mwezi Juni akaja kwetu Ravens, timu ya Baltimore. Tulimaliza 13-3 msimu huo.

Novemba tukaenda Nashville. Nilisafiri usiku na jamaa zangu, kiti changu kikawa katikati ya mashabiki wa Titans, nimevaa zambarau ya Ravens. Tulikuwa nyuma 26-7. Walinitania mpaka nikazoea. McNair akaanza kurudisha, taratibu kama anavyofanya, na kila alipokamilisha pasi niliona jirani yangu wa kushoto anajizuia asipige makofi. Tulipofika 27-26 alishindwa, akapiga. Mkewe akamtazama vibaya sana. Titans bado walikuwa na nafasi ya mkwaju wa pointi tatu dakika za mwisho, Trevor Pryce akauzuia. Yule bwana akaninunulia soda wakati tunatoka, akasema, "Angalau tumefungwa na mtoto wetu."

Kijana wa Franklin

Swali: ile namba 9 inavaliwa tena?

Mkimbiaji wa Iten

Hapana. Waliistaafisha 2019 pamoja na 27 ya Eddie George.

Mama Lowell

Hodi. Mimi ni wa Patriots, timu ya huku Massachusetts, msinipige. Huku Lowell Wakenya tumejaa na wote tulifundishwa mchezo huu na baridi. Mume wangu alipewa tiketi na bosi wake, Januari 10, 2004, mtoano dhidi ya Titans, kwenye uwanja wetu wa Foxborough. Nyuzijoto 16 chini ya sifuri. Nilivaa suruali tatu na leso ya mama kiunoni, na chai ya chupa iliganda mdomoni mwa chupa.

McNair alikuwa anachechemea, unaona kabisa kutoka juu. Ilikuwa 14-14, Adam Vinatieri akatupigia mkwaju ule, 17-14. Mume wangu akasema twende, imekwisha. Nikamwambia na huyu namba 9 akiwa amesimama? Kaa chini. Jaribio la mwisho, akautupa mbali kwa Drew Bennett, ukamponyoka. Nyinyi mliotazama kwenye televisheni semeni mnavyotaka, mimi nilikuwa upande ule ule: mpira uligusa mikono yote miwili ya Bennett.