Aliyekamatwa kwa kumpiga mwenzi wake apewe dhamana usiku uleule?

Mwanzisha mada: Mtu amekamatwa saa tatu usiku kwa tuhuma za kumpiga mwenzi wake. Saa sita yuko nje kwa dhamana ya polisi, na anwani aliyoandikisha ndiyo nyumba ileile alimokamatiwa. Je, si afadhali asubiri hakimu aamue?

Mzee wa Hoja: Dhamana si zawadi wala si kufutiwa kosa, kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtuhumiwa atarudi mahakamani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya arobaini na kitu, inampa haki hiyo pasipokuwa na sababu nzito ya kumnyima. Halafu tuambiane ukweli: wapo wake wanaowakamatisha waume zao usiku, kisha asubuhi wanakuja wenyewe kuwatolea dhamana. Aliyepigwa kweli angefanya hivyo?

Binti Salama: Nilikusudia kuzungumzia hakimu, lakini hilo la mwisho siwezi kulipita. Mimi nilikwenda. Nilisimama kaunta jicho la kushoto likiwa limevimba hadi kufumba, nikahesabu fedha, nikasaini, nikamtazama akirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Sikuwa nimemsamehe. Kodi ya nyumba ililipwa kwa mshahara wake, na kama Jumatatu asingeonekana kazini, wanangu ndio wangeadhibiwa kwanza.

Mzee wa Hoja: Pole, dada, lakini sikukutaja wewe. Nilisema "wapo".

Jirani Mwema: Hiyo "wapo" ni pango kubwa, mzee wangu, kila mwenye neno asilotaka kulibeba hujificha humo.

Mzee wa Hoja: Anayeitwa "Jirani Mwema" ndiye anayenifundisha habari za kujificha?

Karani Mstaafu: Ibara ni ya 49, na inasema pia kwamba mtu ataachiliwa kwa masharti yanayofaa. Hapo kwenye masharti ndipo penye uzito: asikanyage pale nyumbani, asimpigie mlalamikaji simu wala asimtumie shangazi kupeleka ujumbe, asalimishe silaha kama anayo, alale kwingine hadi kesi isikilizwe. Fedha peke yake hazimlindi mtu yeyote; zinatenganisha tu walio nazo na wasio nazo. Jimbo la Illinois, Marekani, lilifuta dhamana ya fedha Septemba 2023, lakini mwendesha mashtaka bado anaweza kuomba mtuhumiwa wa ukatili wa nyumbani abaki mahabusu, akionyesha kwamba kumwachia ni hatari kwa mlalamikaji.

Mzee wa Hoja: Illinois ni mbali. Hilo la kulala kwingine ndilo linalonikera, kwa maana mtu hajahukumiwa na tayari amefukuzwa kwake. Alale wapi?

Binti Salama: Nilipolala mimi: sakafuni kwa jirani, na watoto wawili. Mimi sikuwa nimekamatwa.

Mzee wa Hoja: Nimejenga nyumba yangu kwa miaka 11, tofali kwa tofali. Siwezi kuandikiwa na karani mahali pa kulala.

Karani Mstaafu: Anayeandika ni hakimu, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nagonga muhuri tu.