Ardhi, SUA au Chuo Kikuu Huria: wapi sheria za kozi ya mazingira zinambeba mwanafunzi mwenye mtoto?

KakaWaTandika

Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Majina yametoka, kachaguliwa Chuo Kikuu Ardhi cha hapa Dar na SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, kote shahada ya sayansi na usimamizi wa mazingira. Anatakiwa athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri ya TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla dirisha halijafungwa. Mama yetu anataka aachane na vyote viwili, aombe Chuo Kikuu Huria asome akiwa nyumbani, maana binti ana mtoto wa miezi saba na bado ananyonya.

Ubora wa vyuo sina shaka nao. Ninaloomba tulinganishe ni sheria na msaada: mahudhurio, maabara aliyokosa, kazi iliyochelewa, fildi (kazi za nje ya darasa), kuahirisha mwaka, mkopo, na nani wa kumkimbilia mambo yakienda kombo. Mkopo ameomba, majibu bado. Mwenye kupita humo au anayefundisha, naomba msaada wenu.

MtoNgerengere

Nimesoma SUA, kwa hiyo nina upande, nauweka wazi mapema.

Kozi ya mazingira haikuangushi kwenye mtihani wa mwisho wa semista. Mtihani unakesha nao wiki mbili unapita. Wanaobaki na sapu, yaani mtihani wa marudio, wakizidiwa wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni, wengi niliowaona walianza kuteleza kwenye maabara na fildi: ripoti haikukabidhiwa, siku ya sampuli hakuwepo, alama za darasani zikawa pungufu kabla hata hajaingia chumba cha mtihani. Kwa hiyo vyuo vyote vitatu vilinganisheni hapo kwanza. Mengine yafuate.

Upande wa Morogoro: mji ni mdogo, geto karibu na chuo linapatikana, na safari ya darasani haikuli siku nzima. Mafunzo kwa vitendo anaweza kuyafanya bila kuhama mji, kwa sababu ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro na TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, iko Kihonda. Kwa mama anayenyonyesha hilo ni kubwa. Upande wa pili, SUA ina msitu wake wa Mazumbai kule Usambara Magharibi. Ikipangwa fildi ya huko unalala huko. Aulize mapema mwaka gani kuna safari za kulala nje.

Tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Moro, kwa hiyo bibi anaweza kuja asubuhi akarudi Dar jioni.

BintiMakongo

Mimi naipigia kura Ardhi, na sababu yangu ni moja: familia iko Dar. Mtoto akipandisha homa saa nane usiku, bibi yupo. Hakuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi itakayokufanyia hilo.

La pili ni aina ya fildi. Ardhi ilikuwa chuo kishiriki, UCLAS, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka ilipopewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na mazingira pale yamekua bega kwa bega na wapangaji miji na wahandisi. Unakutana sana na majitaka, taka ngumu, mafuriko ya mjini. Maeneo yenyewe yako ndani ya jiji: mabwawa ya majitaka Vingunguti, dampo la Pugu Kinyamwezi, Bonde la Msimbazi. Unatoka asubuhi, jioni umerudi kwa mwanao.

Foleni ya Dar sitaificha. Kama mnakaa Tandika, kipindi cha saa moja asubuhi ni kuamka alfajiri kila siku. Kuna pia Uhandisi wa Mazingira palepale Ardhi, ule ni miaka minne na hesabu zake ni nzito, asije akachanganya.

MtuWaMaabara

Nafundisha maabara ya mazingira, chuo sitakitaja. Naomba nieleze jinsi sheria hizi zinavyofanya kazi kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu wanafunzi huona "ukikosa umekosa" kama ukatili tu.

Kuna mazoezi yanayorudiwa bila shida. Kupima pH ya udongo, kutambua vijidudu kwa hadubini, kuchora ramani kwa programu ya QGIS: mwanafunzi akija na cheti cha daktari au maelezo ya maana, namfungulia maabara Ijumaa mchana anafanya. Kuna mengine hayarudiki. BOD ya maji machafu, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu vinavyokula uchafu, inakaa kwenye kabati la nyuzi joto 20, gizani, siku tano. Ukiweka Jumatano unasoma Jumatatu. Asiyekuwepo Jumatatu hana jibu, na Jumanne chupa zile hazina maana tena. Sampuli za mto baada ya mvua kubwa ndiyo kabisa, ule mto wa siku ile hatuupati tena.

Kwa hiyo chuo kizuri kwa mama mwenye mtoto si kile kinachosamehe kila kitu. Ni kile ambacho muhtasari wa kozi, ule mnaopewa wiki ya kwanza, umeandika zoezi lipi linarudiwa na lipi halirudiwi, na kwa yale yasiyorudiwa unaruhusu mwanafunzi atumie data ya kikundi chake na kuandika uchambuzi wake mwenyewe. Kozi nyingine hilo wanaliita wizi wa kitaaluma, nyingine wanaliita ushirikiano. Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kumwondoa mtu chuoni. Aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi.

Kuhusu mahudhurio, asilimia 75 ndiyo kiwango utakachokikuta mara nyingi ili uruhusiwe kufanya mtihani. Ukipiga hesabu kwenye semista ya wiki 15, unaweza kukosa wiki tatu na ushee za somo. Inatosha kwa mtoto kuugua. Haitoshi kama ataanza kuzitumia kwa kuchoka.

JiweLaMsingi

Mtanisamehe, lakini sheria ni sheria. Tukianza kumpa huyu muda wa ziada kwa sababu ana mtoto, yule anayeuza mitumba Karume ili alipe ada naye atataka, na anayetunza baba mgonjwa naye. Mwisho wake mhadhiri anapokea kazi mpaka siku ya matokeo. Halafu mamlaka ya mazingira ikishampa mwekezaji tarehe ya kuwasilisha ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, nani ataiongeza kwa sababu mtaalamu ana mtoto?

MtuWaMaabara

@JiweLaMsingi hoja yako ina uzito na siipuuzi. Ila huyo wa mitumba na huyo wa baba mgonjwa ndio haswa ninaowafikiria. Sheria inayowafaa wote watatu bila yeyote kuja ofisini kulia ni hii: asaimenti kumi, zinahesabiwa nane bora. Hakuna kuomba ruhusa, hakuna kuleta cheti cha hospitali cha kununua, tarehe inabaki palepale. Nimeona kozi zikifanya hivyo na malalamiko yakapungua kabisa. Na mwanafunzi dhaifu hapenyi kwa njia hiyo, maana nane ni nane.

Ripoti ya athari kwa mazingira nayo haiandikwi na mtu mmoja. Ni timu ya wataalamu, mmoja akiugua wengine wapo. Tuwafundishe hivyo tangu chuoni.

MamaWawiliSingida

Nimesoma Huria nikiwa kazini na watoto wawili, kwa hiyo naongea kwa niaba ya mama yenu.

Chuo kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, na kina vituo mikoani, hufuati chuo Dar. Hakuna anayekuuliza asilimia 75. Hilo ni tamu mpaka pale unapogundua kwamba hakuna anayekuuliza chochote. Usipojiwekea ratiba, mwaka unaisha hujasoma moduli mbili. Nilinyanyuka kwa sababu tulikuwa kikundi cha kusoma cha watu wanne kituoni, tukikutana Jumamosi. Aliyekuwa peke yake alipata tabu sana.

Sasa kwa sayansi ya mazingira hasa, maabara haifanyiki kwenye simu. Vipindi vya vitendo vinapangwa kwa mkupuo na unatakiwa uwepo. Mwanafunzi wa Ardhi anakosa Jumanne moja, wewe ukikosa mkupuo umekosa sehemu kubwa ya somo zima. Kama binti ana kazi, Huria ni sahihi. Kama hana kazi na ametoka kidato cha sita juzi, mimi ningemwambia akae darasani na wenzake, awe na CR, kiongozi wa darasa, wa kumpigia simu na rafiki wa kumwachia mtoto nje ya mlango wa maabara.

Chepkoilel_88

Habari wadau, nachangia kutoka Eldoret. Huku kwetu alama za darasani huwa 30 na mtihani 70 kwa kozi nyingi. Ukikosa CAT moja, yaani jaribio la darasani, bado mtihani unaweza kukuokoa. Huko kwenu nasikia 40 kwa 60, kumbe kazi za darasani zina nguvu zaidi. Kwa mwanafunzi ambaye maisha yake hayatabiriki, mgao huo una maana mbili: akiwa na kawaida ya kufanya kazi mapema, 40 zinamlinda siku ya mtihani mtoto akiugua, lakini akichelewa semista nzima zinamzika. Muulizeni dada yenu yeye ni mtu wa namna gani.

MwanaMinnesota

Niko Marekani, nasoma chuo cha jamii cha miaka miwili, na nina somo la sayansi ya mazingira muhula huu. Sitaki kusema huku ni bora, ada yake inaumiza. Kitu kimoja tu naona kinaweza kuigwa bila fedha: mwalimu anaandika kwenye muhtasari wa kozi saa zake za kuonana na wanafunzi, siku na chumba, na anakuwepo kweli. Huendi kumvizia koridoni. Na mwenye ulemavu ana ofisi yake chuoni, akishasajiliwa pale mwalimu anapelekewa barua ya marekebisho anayotakiwa kuyafanya, bila kuambiwa ugonjwa wenyewe. Sheria za mwaka 1973 na 1990 ndizo zinazowabana.

Mguu_Mmoja

@MwanaMinnesota na sisi sheria tunayo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Natembea kwa magongo na nimemaliza shahada ya mazingira hapahapa nchini. Mwaka wa kwanza walitaka nipewe msamaha wa fildi ya mlimani, niandike insha badala yake. Nilikataa. Insha ingenipa alama, isingenipa ujuzi. Tulikubaliana na msimamizi nikae chini ya mlima kwenye daraja la mto, wenzangu wakishuka na sampuli mimi ndiye napima oksijeni, joto na tope papo hapo kabla hazijabadilika, halafu ramani nzima ya kikundi niitengeneze mimi. Kazi hiyo ya daraja ndiyo iliyonipatia ajira.

Nasema hivi kwa sababu ya huyo binti: asikubali msaada unaomtoa kwenye kazi yenyewe. Aombe nafasi nyingine ndani ya kazi ileile. Mwenye mtoto mchanga anaweza kupangwa kituo cha sampuli kilicho karibu na barabara, zamu ya asubuhi.

BumuLimesoma

Hela hamjaigusa. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Si kila mtu anapewa vyote, na asilimia hutofautiana. Akipata majibu asiangalie jumla, aangalie kipengele cha mafunzo kwa vitendo kimewekwa kiasi gani. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa unaweza kukopa mchele kwa Mangi, nauli ya fildi hakuna wa kukukopesha.

Na laptopu asijitese kutafuta ya gharama. QGIS na R, programu ya takwimu, ni za bure, RAM ya GB 8 inamtosha kabisa kwa kazi za shahada ya kwanza.

KakaWaTandika

Nawashukuru sana wote. Nimemsomea binti majibu yote mchana huu, akamsomea na mama. Huria tumeiweka pembeni kwa hoja ya MamaWawiliSingida, hana kazi ya kumfunga. Kati ya Ardhi na SUA yeye moyo wake uko SUA kwa sababu anataka misitu na maji, si majitaka ya mjini. Mama anataka Ardhi kwa sababu ya mjukuu. Swali lililobaki: je, anaweza kuthibitisha SUA sasa, halafu aahirishe mwaka mpaka mtoto aache kunyonya?

MtuWaMaabara

Akithibitisha tu halafu asitokee, udahili unaweza kupotea na mwakani akaanza kuomba upya. Kwa kawaida anayeahirisha ni mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa, anayeandika barua yenye sababu na vielelezo, ikapita kwa mkuu wa idara mpaka ngazi ya juu, na akajibiwa kabla ya mitihani. Asiondoke kabla jibu halijatoka. Kutoroka bila barua huhesabiwa ameacha chuo.

Kabla ya wazo la kuahirisha lakini, apige simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi SUA wiki hii, kabla ya kuthibitisha. Aulize mambo matatu: kama kuna chumba cha chuo kwa mwanafunzi mwenye mtoto, ratiba ya mwaka wa kwanza ina mazoezi gani ya kulala nje, na kama mahudhurio ya maabara yanahesabiwa peke yake au pamoja na mihadhara. Hili la tatu watu hulisahau. Yakihesabiwa pamoja ana nafasi ya kupumua. Yakihesabiwa peke yake, na maabara ziko kumi tu kwa semista, asilimia 75 maana yake ni kukosa mbili.

BumuLimesoma

Na akiahirisha, afisa mikopo wa chuo apate nakala ya barua siku hiyohiyo. Mkopo husimama mpaka arudi, na kuufufua bila nakala hiyo ni safari ndefu ya ofisi kwa ofisi.

MtoNgerengere

@KakaWaTandika akichagua Moro nitumie ujumbe. Kuna mama mmoja mtaani kwetu analea watoto wa wanafunzi mchana, nitamuulizia nafasi na bei kabla hajafunga mizigo.